Mkufu wa Korosho

Juzi nilipasua dodoki lililokaukia kwenye ukuta wa uani, nikakung'uta mbegu, nikaliloweka kwenye ndoo ili lilainike. Sikuwa na mawazo yoyote. Lakini dodoki likishaloa hutoa harufu yake, ya nyasi mbichi iliyochanganyika na kitu kama gunia la zamani, na harufu ile ilinikalisha chini kwenye kibaraza. Nikajikuta nimejishika shingo kwa nyuma, pale nywele zinapoishia, kama mtu anayengoja kuogeshwa. Mwanangu akaniuliza mama vipi, nikamwambia hakuna kitu. Kumbe kitu kilikuwepo, ila hakielezeki kwa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza.

Nililelewa Mnyambe, kijiji cha juu uwandani, na bibi yangu mzaa mama. Nilipelekwa kwake nikiwa mdogo sana, nimetoka kuugua surua, mbavu nje, na mama yangu ana mimba ya mdogo wangu. Mama alikuwa anauza mitumba sokoni Masasi na amepanga chumba mtaa wa Mkomaindo, na baba yangu alikuwa mtu wa malori, anakuja anaondoka. Ilisemwa nitakaa kwa Bibi mpaka ninenepe. Basi nikanenepa, na bado nikakaa, kwa sababu kufikia hapo Bibi hakuwa tayari kunirudisha na mimi sikuwa tayari kurudi. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao, ingawa babu mwenyewe alishafariki na hapakuwa na mume wa kugombania.

Wenzangu wa umri wangu wanajua tulizaliwa wakati gani. Tulikuta foleni zinaisha. Wazazi wetu ndio waliosimama kwenye duka la kijiji kungoja sukari ipimwe kwa kikombe, kwa jina la kaya, na siku isipokuwepo uji ukatiwa chumvi ukanywewa hivyo hivyo. Bibi alinisimulia mambo hayo huku anachota sukari. Alikuwa akisema, "Mama yako nilimlea kwa uji wa chumvi," halafu anaongeza kijiko kingine kwenye kikombe changu, kama vile kijiko hicho kingemfikia mama yangu kule nyuma alikokuwa mtoto. Kisha mambo yakafunguliwa. Wanunuzi wa korosho wakaanza kupanda huku juu kwetu na malori yao, wakishindana wao kwa wao, na Bibi, aliyekuwa na mikorosho mizuri aliyoachiwa na mjomba wake, akaezeka bati na akachimba tangi la kukinga maji ya mvua. Baada ya bati na tangi, kilichobaki kilikuwa cha tumbo langu.

Nilikula. Sitaki kujipamba hapa. Asubuhi chai ya rangi ambayo kijiko kilikuwa karibu kisimame chenyewe, na maandazi. Saa nne uji wenye sukari. Mchana ugali, jioni mihogo ya kukaanga, na katikati korosho za kuchoma ambazo Bibi alizibangua huku mimi nazimaliza kabla hazijapoa. Mama akija kututembelea alileta soda, maana kule Masasi zilikuwa zimejaa kila kibanda, na mimi nilikunywa nimekaa kwenye ngazi ya mlango ili watoto wengine wanione. Majirani walinipa jina la Ruksa. Ndilo lilikuwa neno la siku zile, kila kitu ruksa, na Mama Zuhura, jirani yetu wa upande wa mashariki, aliniona napita akasema, "Haya pisheni, Ruksa anapita." Sikukasirika. Bibi alijivunia jina lile kuliko jina langu la Somoe. Mtoto mnene uwandani kwetu alikuwa habari njema inayotembea.

Mama Zuhura huyo huyo ndiye aliyeiona shingo. Alikuwa ananisuka, nimekaa katikati ya magoti yake, amenivuta kichwa mbele mpaka kidevu kinagusa kifua, na ghafla mikono ikasimama.

"Mama Hadija," akamwita Bibi, "maji ya kwako yanaishia usoni?"

Bibi akatoka jikoni. Wakainama wote wawili nyuma yangu. Sikuweza kuona walichokiona, lakini nilisikia kidole cha Bibi, kikavu, kikipita kwenye shingo yangu kutoka sikio moja hadi jingine. Kulikuwa na mkanda mweusi. Weusi wangu wa kawaida ni wa maji ya kunde, na mkanda ule ulikuwa mweusi wa masizi, na ukiupapasa ni mnene na laini, kama kitambaa cha mahameli. Baadaye nilijifunza kuupapasa mwenyewe. Siyo siri, nilipenda ulivyokuwa laini.

Msomaji ambaye hajaishi huku juu huenda asione uzito wa maneno ya Mama Zuhura. Kwetu maji yalikuwa bondeni. Mabomba yalikuwepo, yakikohoa kidogo siku yakipenda, na tangi la Bibi lilijaa masika na kukauka mapema. Kiangazi mtu alioga kata moja au mbili, na kila mmoja alijua mpangilio, uso, kwapa, miguu, basi. Kwa hiyo kuambiwa kwamba shingo ya mjukuu wako ni chafu ilikuwa ni kuambiwa unambania mtoto maji. Bibi alingoja nimalizwe kusukwa, akanishika mkono, akanipeleka kwenye bafu la makuti nyuma ya nyumba akiwa na ndoo nzima.

Hapo ndipo dodoki lilipoingia maishani mwangu. Alianza na dodoki na sabuni ya mche. Kesho yake dodoki na limau. Baadaye jivu, baadaye gunzi la muhindi, na kila alipomaliza aliinama kuangalia maji yaliyotiririka kwenye changarawe, kama yametoka na uchafu. Yalitoka safi. Mimi nilikuwa nalia, naye alikuwa ananiimbia huku anasugua, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wakati mwingine nilisahau kulia. Akimaliza alinipaka mafuta ya nazi pale palipochubuka, akanipulizia kwa mdomo, akanipa chai yenye sukari ya kunibembeleza.

Siku moja aliacha kusugua katikati. "Hii siyo taka," akasema. "Hii korosho."

Na aliposema tu, mimi na yeye tukakumbuka pamoja. Msimu wa korosho uliopita, tukiwa watoto watatu wanne chini ya mikorosho, tulicheza biharusi, na biharusi nilikuwa mimi kwa sababu ya mwili. Walinitengenezea mkufu wa korosho mbichi. Walizitoboa kwa mwiba, wakazitunga kwenye uzi wa katani, na mimi nikauvaa siku nzima kwa madaha. Sasa kila mtu wa kwetu anajua ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Watoto wanaopasua korosho mbichi kwa meno hujulikana kwa midomo, na wanawake wanaobangua hujipaka jivu mikononi kwanza. Jioni ile shingo iliniwasha, kesho yake ikatoka malengelenge, na Bibi alinipiga kofi dogo la upendo, akanipaka mafuta. Malengelenge yalikauka yakaisha, tukasahau.

Kumbe, kwa maoni ya Bibi, hayakuwa yameisha. Yalikuwa yamejificha ndani. Mkanda ulikuwa umepita pale pale ulipokaa mkufu, nani angebisha? Mama Zuhura alipoelezwa alikubali mara moja na kuomba radhi kwa lile neno la maji. Watu waliletwa kuitazama shingo, na wote walisema hivyo hivyo, korosho hiyo, ngoja ibanduke. Maana ngozi iliyounguzwa na korosho ndivyo inavyofanya. Inakuwa nyeusi, inakauka, inabanduka, na chini yake kunatokea ngozi mpya ya rangi ya mtoto mchanga.

Basi nikaingoja shingo yangu ibanduke. Niliwahi kuona gamba la nyoka kwenye uzio wa mihogo, zima kutoka mdomo hadi mkia, na akilini mwangu jambo lingekuwa hivyo, siku moja ningeamka na shingo yote ya zamani imelala juu ya mkeka. Jambo moja tu lilinitia wasiwasi, na sikuthubutu kumwuliza mtu. Shingo ikitoka, kichwa kitashikiliwa na nini? Nilianza kulala nimekikumbatia kichwa kwa mikono miwili. Bibi alidhani ni baridi, akaniongezea shuka.

Shuleni kulikuwa na ukaguzi wa usafi, kucha, meno, masikio, shingo. Mwalimu wa zamu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alinitoa kwenye mstari mbele ya shule nzima. Nilimweleza habari ya korosho. Alicheka, na walio mbele wakacheka kwa sababu yeye amecheka, akanirudisha nyumbani nikaoge. Nilitembea nikilia mpaka mlangoni.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akajifunga kanga mpya, akachukua kopo la maji, sabuni na dodoki, akanirudisha shuleni. Mwalimu alimwona, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea ntoto." Akamnyooshea dodoki. "Nsugue mwenyewe. Ukitoa uchafu hapo, nitasema kweli mimi sijui kuogesha."

Darasa zima lilikuwa linatazama. Mwalimu aliliangalia dodoki, akaiangalia shingo yangu iliyokuwa imechubuka kwa kusuguliwa, na nadhani hapo ndipo alipoiona vizuri kwa mara ya kwanza. Alisema hapana, bibi, yameisha, akaniambia nikakae. Hakunitoa tena mstarini. Lakini watu walioshuhudia walikuwa na midomo, na habari ya bibi aliyempa mwalimu dodoki ilishuka Masasi pamoja na abiria wa malori, na huko njiani ikageuka. Ilipomfikia mama yangu ilikuwa ni habari ya mtoto mchafu aliyefukuzwa shule.

Mama alikuja bila kututumia salamu kwanza. Alishuka kwenye lori akiwa na mdogo wangu wa pili mgongoni, akaniita, akanigeuza kama mtu anayekagua nguo ya mtumba, akafunua kola.

"Mama," akamwambia Bibi, "mtoto huyu humwogeshi?"

Sijawahi kuona uso wa Bibi ukibadilika kama siku ile. Kuulizwa na Mama Zuhura ni utani wa jirani. Kuulizwa na binti yako uliyemzaa, tena mbele ya mtoto mwenyewe, ni kitu kingine. Alieleza habari ya mkufu, akaonyesha malimau, akaonyesha magunzi. Mama alisikiliza akitikisa kichwa.

"Korosho gani inakaa shingoni tangu msimu uliopita? Mama umechoka, na maji hapa ni shida. Namchukua mwanangu."

"Hukuniambia nimechoka wakati unanletea akiwa mifupa," Bibi akasema taratibu.

Niliposikia neno namchukua, nilikwenda nikajificha nyuma ya pipa la maji. Nilimpenda mama yangu, lakini nilimpenda kama mtu anavyoipenda sikukuu. Bibi ndiye aliyekuwa siku zote. Na nikaelewa, kwa akili ya mtoto, kwamba jambo lote hili lilikuwa shingoni mwangu, na kwamba shingo ikibanduka upesi nitabaki, isipobanduka nitaondolewa. Pale nyuma ya pipa nilianza kuivuta ngozi kwa kucha ili niisaidie. Ilitoka damu kidogo, lakini hakuna kilichobanduka.

Bibi aliiona damu. Akainuka, akasema maneno ambayo mama hakuweza kuyakataa. "Twende wote Masasi hospitali. Daktari akisema uchafu, chukua ntoto. Akisema korosho, ninarudi naye."

Tulisafiri kesho yake. Bibi alikaa katikati yetu kwenye benchi la gari na hakuitazama hata ile milima ya mawe ya Masasi, ambayo mimi niliidhania imepangwa na watu. Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alimwamkia Bibi, akanikalisha juu ya meza. Mama akaanza kueleza, Bibi naye akaanza kueleza, naye akawaacha waongee wote wawili huku mikono yake inafanya kazi. Aligusa shingo. Hakusugua, alipapasa tu kwa ncha za vidole, kama mimi mwenyewe nilivyozoea kufanya. Kisha akaniambia niinue mikono.

Kwapani kulikuwa kweusi vile vile. Akaangalia na vifundo vya vidole vyangu, navyo vilikuwa na weusi.

"Bibi," akauliza kwa upole, "na huku kwapani alivaa mkufu wa korosho?"

Bibi akasogea kuangalia. Niliinama nikajitazama kwapa kwa mshangao, maana mimi mwenyewe sikuwa nimeliangalia hata siku moja.

Daktari akauliza ninakula nini. Bibi akamhesabia, na mwanzoni alihesabu kwa fahari, chai, maandazi, uji, sukari, mihogo, korosho, soda za Mama, mpaka katikati akaona daktari haandiki tena, anamtazama tu, na sauti yake ikapungua. Akauliza kama nasikia kiu sana, kama nakojoa mara kwa mara, kama katika ukoo kuna mwenye kisukari. Mama akasema ndugu mmoja wa baba yangu alikatwa mguu kwa sababu hiyo. Nikapewa kichupa nikakojoe.

Walichanganya mkojo wangu na dawa ya buluu kwenye kibomba cha kioo, wakakichemsha juu ya moto mdogo. Daktari alitueleza kwamba ikigeuka kijani au rangi ya tofali, sukari imeshaanza kumwagika. Hapo hakuna aliyekumbuka uchafu wala korosho. Mama alimkumbatia mdogo wangu kwa nguvu mpaka akalia. Bibi alinishika mguu uliokuwa unaning'inia mezani na hakuuachia. Dawa ikachemka, ikatulia, ikabaki buluu.

"Bado," akasema daktari. "Kisukari bado hana. Lakini shingo hii imetuwahisha kujua."

Alieleza kwa maneno ambayo nilikuja kuyaelewa ukubwani. Kwamba mwili una kitu chake kinachoipeleka sukari mahali pake, na mwili wangu, kwa unene na kwa utamu mwingi, ulikuwa umeanza kukigomea, na kadiri ulivyogoma ndivyo ulivyokitengeneza kwa wingi, na wingi ule ndio uliokuwa unainenepesha na kuitia weusi ngozi ya shingoni na kwapani. Kwamba watoto wengi wenye alama hii husuguliwa na kuchekwa bure. Hata asuguliwe mpaka mfupa, akasema, haitatoka, kwa sababu inatoka ndani. Wala haibanduki. Mwili ukipungua, itafifia yenyewe polepole. Nilisikitika sana kusikia haibanduki, lakini kuhusu kichwa changu nilipata amani.

Bibi akauliza, "Kwa hiyo si uchafu."

"Si uchafu, bibi."

"Wala korosho."

"Wala korosho."

"Basi ni mimi," Bibi akasema.

Mama yangu, aliyekuwa amekuja kushinda ubishi, aliinamisha kichwa. Nilimwona anahangaika na upindo wa kanga. "Mama, usiseme hivyo," akasema. "Soda nilikuwa naleta mimi." Halafu, kwa sauti ya chini ambayo sijui kama nilitakiwa kuisikia, akasema, "Nisamehe kwa lile neno la kuogesha." Bibi alimpokea mdogo wangu aliyekuwa bado analia, akampakata. Daktari alisema hakuna mwenye kosa, wako watoto wanaokula zaidi yangu na shingo zao ni safi, mwili na ukoo navyo vina sehemu yake. Nilimpenda yule daktari kwa maneno hayo. Nampenda mpaka leo, ingawa jina lake silijui.

Kisha akauliza mtoto anakaa na nani. Wote wawili wakajibu pamoja, "Na mimi." Daktari akavua miwani.

"Mambo ya nyumbani kwenu siamui. Naweza kuuliza moja tu. Kati yenu, nani ataweza kumnyima?"

Mama alifikiri. Alisema ukweli, kwamba meza yake sokoni iko katikati ya muuza soda na mkaanga chipsi, na kwamba mimi nitashinda pale kutwa nzima. Akamtazama mama yake. Bibi alikuwa amekaza macho sakafuni, na nilijua anachofikiri, kwa sababu nilimjua. Alikuwa anafikiria uji wa chumvi. Alingoja miaka mingi apate kitu cha kumpa mtoto, na sasa alikuwa anaambiwa upendo wake ufunge mkono.

"Kunyima sijui," akasema mwishowe. "Sikuwahi. Nitajifunza."

Wakakubaliana nirudi Mnyambe, na mama aje kunitazama korosho zitakapoanza kuanguka. Akikuta hali ni ile ile, ataondoka na mimi siku hiyo hiyo na hakuna atakayebisha. Bibi aliapa kwa Mungu mbele ya daktari.

Alijifunza vibaya mwanzoni. Kopo la sukari alilihamishia kwa Mama Zuhura, halafu akawa anatafuta visababu vya kwenda kwa Mama Zuhura, akifika anarudi mikono mitupu, amejikasirikia. Uji alinipa wenye ukwaju, na nilipolia alitoka nje akajifanya anafukuza kuku. Maandazi yaliisha nyumbani kwetu kabisa, hata yeye hakula, ingawa hakuna daktari aliyemkataza. Alinichukua kwenda bondeni kuteka maji, kazi ambayo zamani alisema mjukuu wake hataifanya, akanipa ndoo ndogo na yeye mwenyewe akaja nyuma yangu na magoti yake mabovu, akinisimulia hadithi ndefu ambazo zilikatika makusudi pale mlima ulipoanza, ili nipande nipate kusikia mwisho. Majirani waliendelea kuniita Ruksa. Jina halikunenepa wala halikukonda.

Na kuoga nako kulibadilika. Jioni tuliyorudi kutoka Masasi alinipeleka bafuni kama kawaida, nikainama, nikajikaza kungoja maumivu. Alinimwagia kata moja ya maji shingoni, akapitisha kiganja mara moja, taratibu sana, akanifuta kwa kanga yake.

Shingo ilififia polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema ni siku gani. Mpaka leo kuna kivuli chake. Nilipozaa mtoto wa pili na kuongezeka mwili kilirudi kukolea, nikakimbilia kupima, nikaanza tena kutembea. Nimeishi na shingo hii kama mtu anavyoishi na rafiki msema kweli, simpendi sana anapofungua mdomo, lakini sitaki aondoke. Naona watoto siku hizi wanasuguliwa na mama zao kama mimi nilivyosuguliwa, na ninaposimama kuwaambia, wengine hunishukuru na wengine huniona mwanamke wa kiherehere. Sawa tu.

Korosho zilipoanza kuanguka, mama alikuja. Tulikuwa uani, Bibi anabangua, mimi nafagia. Mama akaweka kikapu chini, akatusalimia, na kabla ya kitu chochote akatoa chupa ya soda, ya rangi ya chungwa, ina majimaji ya baridi pembeni kwa sababu aliifunga kwenye kitambaa kibichi. Sijui mpaka leo kama alisahau au alikusudia. Akaninyooshea mimi. Nikaitazama. Nilikuwa sijaionja tangu Masasi, na mate yalinijaa mdomoni.

Bibi aliinuka, mikono yake imejaa jivu, akaichukua chupa ile kutoka mkononi kwa mama. Akaifungua kwa kisu. Bibi hakuwahi kuiweza soda, gesi yake ilimpanda puani na kumtoa machozi, na sisi tulizoea kumcheka. Akainywa yote amesimama, bila kupumua, macho yakimtoka maji, mpaka tone la mwisho. Akaiweka chupa chini. Akasubiri gesi ipite.

"Nimennyima," akamwambia mama yangu. "Umeona?"

Nilipasuka kilio. Nililia kweli kweli, nimekaa chini na ufagio. Mama alikuja akafunua kola yangu, akaiangalia shingo, akamwangalia mama yake aliyekuwa ameshika kifua anapiga mbweu, akaziba mdomo kwa kanga, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko mpaka naye akafuta machozi. Alikaa, akala nasi ugali wa mchana. Lori lilipopiga honi barabarani alibeba kikapu chake, akatuaga wote wawili, akaenda. Mimi nilibaki nimeshikilia kanga ya Bibi, bado naililia ile soda, na nimefurahi mno kwamba gari linaondoka bila mimi.